Mfalme wa Wakanda Hanidai Makofi

Kuna hoja imezagaa mjini Dar es Salaam tangu mwaka 2018, na imezagaa kwa sababu inampa anayeisema sura ya mtu aliyesoma. Inasema kwamba Mwafrika anayependa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu ana shujaa mmoja tu anayeweza kumpenda bila kuona haya, naye ni T'Challa, mfalme wa Wakanda, Black Panther. Siku Marvel walipomwingiza kwenye mfululizo wao ndiyo siku na sisi tulipoingia. Wengine wote wana wenyewe. Kijana wa mtaa wa Sikukuu au Narung'ombe anayempigia kelele Spider-Man ni mtumwa wa akili, na kama anampenda kuliko Black Panther, basi ugonjwa umeshafika kwenye mfupa.

Hoja hii nimeisikia kwa mtangazaji wa redio, kwa mhadhiri, na kwa mzee mmoja wa kahawa pale Mnazi Mmoja ambaye nina hakika hajaona hata moja kati ya filamu hizo. Mzee nilimsamehe papo hapo. Mhadhiri sijamsamehe, maana yeye ameziona. "Mdogo wangu," aliniuliza, "hivi huyu wa buibui amekufanyia nini?"

Swali zuri, nitalijibu. Ila habari yenyewe kwanza, kwa sababu wengi wanaohukumu ushabiki huu hawajui hata kilichokuwa kinashangiliwa.

Mashujaa hawa wawili walitambulishwa kwenye filamu moja, Captain America: Civil War, Mei 2016. T'Challa hakuwa na mgogoro wa mkataba. Alikuwa mali ya Marvel tangu azaliwe, na jina la mwigizaji wake, marehemu Chadwick Boseman, lilishatangazwa Oktoba 2014. Mwenye kesi alikuwa Spider-Man. Miaka ya 1990 Marvel ilikuwa kampuni ya vitabu vya katuni iliyoelemewa na madeni hadi ikafilisika Desemba 1996, na miaka hiyohiyo ilikuwa inauza haki za filamu za watu wake mmoja mmoja ili ipate fedha. X-Men wakaenda Fox, Spider-Man akaenda Sony. Disney ilipoinunua Marvel mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni 4, ilipata karibu ofisi nzima isipokuwa mtu wake maarufu kuliko wote. Februari 2015 ndipo wakakubaliana: Marvel wamtumie pamoja na kina Iron Man, Sony wabaki na umiliki.

Kariakoo hakuna aliyehitaji mwanasheria kueleweshwa jambo hilo. Ni mkopo. Mchezaji ana mkataba na klabu moja, jezi anavaa ya nyingine. Agosti 2019 mazungumzo ya kampuni hizo yalipovunjika, ikasemwa kwamba kijana anarudishwa kwa wenyewe, vijana wa maduka ya simu mtaa wa Aggrey walilijadili kama wanavyojadili dirisha la usajili: nani ametaka mgawo mkubwa, nani amekaza shingo, mchezaji mwenyewe anasemaje. Mwezi uliofuata wakapatana, mjadala ukaanza upya. Mhadhiri anaona upumbavu hapo. Mimi naona watu wanaojua kwamba nyuma ya kila hadithi kubwa yupo mwenye mali, na hawataki kufichwa jina lake. Wangapi kati ya waliotokwa na machozi kwa ajili ya Wakanda walijiuliza mfalme yule ni wa nani? Mwajiri wake ni huyohuyo aliyekuwa akimkopa Spider-Man kwa Sony.

Na wote wawili ni watoto wa ofisi moja ya New York. Spider-Man alitoka kwa Stan Lee na mchoraji Steve Ditko mwaka 1962. Black Panther alitoka kwa Stan Lee huyohuyo na Jack Kirby mwaka 1966. Kama kigezo ni asili, hakuna wa kwetu kati yao.

Sisi lakini kigezo chetu hakijawahi kuwa asili, na ushahidi uko barabarani. Mtaa wa Msimbazi wapo Simba, ukishuka Jangwani wapo Yanga. Emmanuel Okwi alitoka Uganda akapendwa Simba, akavaa jezi ya Yanga, akarudi tena Simba, akapokewa. Clatous Chama wa Zambia aliimbwa Msimbazi miaka mingi kabla ya kuvuka kwenda Jangwani mwaka 2024. Fiston Mayele alikuja kutoka Kongo, akaifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023 huku akiibuka mfungaji bora wa michuano, na watoto wa mji mzima wakawa wanatetema kama yeye hata wakifunga goli la chandimu. Ukisema hao ni Waafrika hivyo mfano umenielemea, nitakukumbusha Miguel Gamondi wa Argentina, aliyeipa Yanga ubingwa wa msimu wa 2023/24. Hakuna aliyeomba kuona pasipoti yake kabla ya kushangilia. Mtu anakuja, anafanya kazi, unampa jina la utani, amekuwa wako. Akizembea unamzomea, awe mzaliwa wa Buguruni au wa Buenos Aires.

Sinema nayo tuliipokea hivyohivyo, na hapa mhadhiri ananishangaza zaidi maana umri wake unamruhusu kukumbuka. Mji huu ulikuwa na Empire, Empress, Avalon, Odeon, na ile Drive-In ya Msasani iliyofunguliwa mwaka 1966, mahali ambapo leo pamejengwa ubalozi wa Marekani. Wazazi wetu waliiangalia Sholay bila kujua Kihindi na wakatoka wanaimba. Disco Dancer ilipoingia miaka ya 1980, vijana wa Uswahilini walicheza kama Mithun Chakraborty kwenye kumbi ambazo Mithun mwenyewe asingeweza kuzitaja. Lakini aliyewashika kwelikweli alikuwa Bruce Lee, na sababu yake inafaa kukaliwa kidogo.

Katika Fist of Fury, filamu ya mwaka 1972, Bruce Lee anafika kwenye lango la bustani mjini Shanghai. Pana kibao kinachokataza mbwa na Wachina kuingia. Anakirukia, anakipiga teke, kinasambaratika. Sasa mfikirie aliyekuwa amekaa gizani kwenye kiti cha sinema ya Dar es Salaam akiangalia teke lile. Mtu huyo alikuwa amekulia kwenye mji uliokatwa vipande na wakoloni: Uzunguni huko baharini, Uhindini katikati, na Kariakoo ndiyo sehemu ya weusi, huku Mnazi Mmoja ikiachwa wazi makusudi kuwatenga watu wa huku na wa kule. Bruce Lee hakufanana naye hata kidogo. Alikuwa mwembamba, mweupe, anazungumza Kichina. Teke lile hata hivyo lilikuwa lake, na halikuhitaji tafsiri. Hapo ndipo ninapoona Mwafrika amewakilishwa, kama neno hilo lina maana yoyote, na mwakilishi wake alikuwa mtu wa Hong Kong.

Kumbi zile zikafa miaka ya 1990, vikaja vibanda umiza: chumba kimoja, mabenchi ya mbao, televisheni juu ya kabati, joto la kumkausha mtu. Vikaja na wafasiri. Lufufu aliyetamba kuliko wote hakuwa anatafsiri maneno tu, alikuwa anaichukua filamu yote na kuihamishia mtaani. Aliwapa wahusika majina, akawaeleza watazamaji kwa nini jambazi lile ni baya, akakuonya kabla adui hajatokea mlangoni. Arnold Schwarzenegger kinywani mwa Lufufu alikuwa mtu ambaye ungeweza kumkuta Tandika. Kisha zikaja zile dividii kutoka China zilizobeba filamu ishirini na ushee kwenye sahani moja. Kwenye jalada moja walikuwa wamepangwa Superman, Batman, Spider-Man na Hulk, bega kwa bega, wakati mawakili wa Marekani wasingekubali hata wapigwe picha pamoja. Huo ulimwengu wa pamoja ambao Hollywood wanaupigia tarumbeta, wauza dividii wa mitaa ya Aggrey na Likoma walishaufungua zamani, tena kwa bei ya soda mbili. (Ndiyo, ilikuwa wizi wa kazi za watu. Simtetei mwizi. Nasema tu kwamba alitangulia.)

Halafu yupo Rambo. Alikuja akiwa komando wa Marekani mwenye bunduki kubwa kuliko mwili, na kwa mujibu wa hoja ya utumwa wa akili tulipaswa kumpigia magoti. Kilichotokea ni kwamba jina lake liliganda kwenye mfuko wa plastiki, na hadi mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Juni 2019, rambo ndiye aliyekuwa akibeba nyanya na dagaa kutoka sokoni. Utumwa gani huo, ambao bwana ndiye mchukuzi?

Nirudi kwa swali la mhadhiri. Amenifanyia nini huyu wa buibui?

Peter Parker ni yatima. Amelelewa na baba mkubwa na mke wake, na huyo baba mkubwa akauawa na mhalifu ambaye Peter mwenyewe alikuwa amemwachia apite siku ileile, kwa sababu aliona hayamhusu. Katika filamu za Sam Raimi, ile iliyoanza mwaka 2002 na ile ya 2004, anadaiwa kodi ya chumba, anafukuzwa kazi ya kupeleka piza kwa sababu amechelewa, anauza picha kwa mhariri anayemtukana huku akimkata bei. Anaokoa watu usiku na asubuhi anaonekana mvivu darasani. Hawezi kumwambia mtu yeyote kwa nini amechoka. Nenda ukamweleze mambo hayo kijana wa bodaboda pale mzunguko wa Msimbazi halafu umwambie kwamba hadithi hiyo si yake.

Siku alipotambulishwa rasmi mwaka 2016, filamu ilimfanyia jambo moja dogo ambalo wahakiki wakubwa walilipita na mafundi wetu hawakulipita. Tony Stark, tajiri wa kutupwa, anaingia chumbani kwa kijana huyu na kukuta vifaa vya zamani vya umeme. Anamuuliza amevipata wapi. Vimeokotwa jalalani. Kijana anaviokota, anavifungua, anavifufua. Filamu haifafanui zaidi, wala haina haja. Anayekaa siku nzima na chuma cha kulehemu kwenye meza ya fundi simu, au kule Gerezani anakotoa injini moja kwenye maiti za injini tatu, alimtambua mwenzake kwa sekunde zilezile.

Wala msidhani alishangiliwa kwa kufumba macho. Ugomvi mkubwa niliousikia kuhusu usajili ule ulikuwa dhidi ya mabosi wapya. Tajiri yule alimpa suti yenye kompyuta ndani, akamfanya mtoto wa kufadhiliwa, na mafundi hawakupenda. "Kaka, wamemharibu," aliniambia mmoja baada ya kuona Spider-Man: Homecoming ya mwaka 2017. "Zamani alikuwa anahangaika mwenyewe, sasa hivi ana mfadhili." Hiyo ni hukumu ya mhakiki, tena nzuri kuliko nyingi zilizochapishwa. Na inaelekea hata waandishi wa Marvel waliliona tatizo hilo, maana No Way Home, ile ya Desemba 2021 iliyowakutanisha Spider-Man watatu wa vizazi vitatu, inamwacha mahali tunapomjua: chumba cha kupanga, hana ndugu, hana mfadhili, dunia nzima imemsahau, na amevaa suti ya kujitengenezea mwenyewe. Wale walioiona Mlimani City kwa tiketi na wale walioiona kwenye flashi, kwa kopi iliyorekodiwa ukumbini huku vichwa vya watazamaji wa nchi nyingine vikipita mbele ya picha, walikubaliana hapo.

Sasa tumgeuzie swali mfalme. T'Challa amenifanyia nini?

Wakanda ni nchi ya kubuni iliyowekwa ukanda wetu huuhuu wa Afrika. Ina madini ya vibranium kuliko nchi yoyote, ina treni za kuruka, ina tiba ya risasi ya uti wa mgongo, na kwa karne kadhaa imejifanya masikini ili isiguswe. Misafara ya watumwa ilipita jirani. Wabelgiji waliikamua Kongo jirani. Makaburu walitawala kusini. Wakanda ilikuwa ikitazama. Filamu ya mwaka 2018, namshukuru mwongozaji wake Ryan Coogler, inalijua jambo hili na inampa adui, Killmonger, kulisema kwa sauti. Mwishoni T'Challa anakiri kosa la baba zake, anafungua kituo cha jamii Oakland, Marekani, na anasimama Umoja wa Mataifa kutangaza kwamba nchi yake haitajificha tena.

Huo kwa Marvel ndio mwisho wa filamu, makofi yanapigwa. Kwa mji huu yalikuwa mambo ya kuanzia. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, ikiwa na mkonge, pamba, kahawa na idadi ya wahandisi inayohesabika kwa vidole. Juni 1962, kabla hata mwaka haujaisha, Frelimo ilizaliwa Dar es Salaam. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipounda Kamati ya Ukombozi, makao yake yaliwekwa hapahapa. Wakaja ANC, MPLA, ZANU, SWAPO, kila chama na ofisi yake na wakimbizi wake, na wakaazi wa mji huu wakaishi nao, wakapanga nao, wakanunua nao mchicha. Hatukuwa na vibranium ya kuwagawia.

Na gharama ililipwa. Kwenye Civil War, mfalme T'Chaka anauawa kwa bomu mjini Vienna, na mwanawe anaingia kwenye hadithi akiwa na kisasi. Watazamaji waliombwa wahuzunike, wakahuzunika. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa Frelimo, alifungua kifurushi kilicholetwa kwa posta kikiwa na kitabu. Ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Alifia Oysterbay. Nimekutana na vijana wanaoweza kunitajia baba yake T'Challa, babu yake na dada yake, na hawajawahi kumsikia Mondlane. Hilo si kosa lao, ni kosa letu tuliopaswa kuwasimulia. Lakini haliwezi kutibiwa kwa kuwaambia kwamba historia yao imeanza Februari 2018 kwenye ukumbi wenye viti vya kulala.

Jina lenyewe la Black Panther lina habari ambayo wenye hoja wangepaswa kuwa wa kwanza kuitoa. Miezi michache baada ya mhusika huyo kuchapishwa, Oktoba 1966, vijana weusi wa Oakland waliunda chama chenye jina hilohilo, na hao walikuwa watu wa kweli, na polisi waliowawinda walikuwa wa kweli. Mmoja wa viongozi wake, Pete O'Neal wa Kansas City, alikimbia kesi, akapitia Algeria, akaingia Tanzania mwaka 1972. Aliweka makazi Imbaseni, nje kidogo ya Arusha, na mwaka 1991 yeye na mkewe Charlotte wakaanzisha hapo kituo cha jamii. Kwa hiyo filamu inaisha na mfalme wa Afrika anayefungua kituo Oakland kuwasaidia watoto weusi wa Marekani. Mambo yalivyokuwa, Panther wa Marekani alipewa hifadhi chini ya Mlima Meru, akawafungulia kituo watoto wa Meru. Hiyo ya pili haina treni za kuruka, lakini mimi ndiyo ningelipa kiingilio kuiona.

Sisemi kwamba filamu ile ni mbaya. Ni filamu nzuri, imepata tuzo 3 za Oscar na zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani, na vyote ilistahili. Ninachosema ni kwamba ni barua ya Mmarekani mweusi kwa Afrika aliyosimuliwa, ndiyo maana Afrika yake ni ya kila mahali kwa mara moja. Lugha yao ni Kixhosa, kwa kuwa mzee John Kani, aliyeigiza T'Chaka, ndiye aliyeianzisha kwenye Civil War. Mablanketi ni ya Wasotho. Kofia ya malkia ni ya Wazulu. Walinzi wa kike wana wekundu wa Kimasai. Yote hayo yamekaa katika nchi moja ya upande wetu, na barabarani husikii hata "hodi". Disney Kiswahili wanakijua, msidhani hawakijui: walishaisajili "Hakuna Matata" kuwa alama yao ya biashara, na mwaka 2018, mwaka uleule wa Wakanda, maelfu ya watu wakawa wanatia saini kuwataka waiachie. Barua ya namna hiyo naisoma kwa heshima. Kuisoma kwa heshima hakunifanyi mimi kuwa aliyeiandika, na sidaiwi machozi kwa sababu jina la bara langu limeandikwa juu ya bahasha.

Kuna jambo moja nawapa wapinzani wangu bila kulipunguza. Mitaa hiihii ya Kariakoo inauza mkorogo. Msichana mweusi wa darasa la sita amezungukwa na mabango na vikopo vinavyomwambia kwamba ngozi yake ni tatizo lenye dawa. Msichana huyo akimwona Danai Gurira kichwa kimenyolewa, akipiga watu kwa mkuki, akimwona Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, kwenye Civil War akimwamuru Black Widow aondoke njiani, akimwona Lupita Nyong'o, mtoto wa kina Nyong'o wa Kisumu, akipendwa na mfalme bila kujichubua, anapata kitu ambacho Spider-Man hawezi kumpa. Kisumu walipoipokea filamu hiyo kwa sherehe Februari 2018 hawakuwa wanajidanganya. Ila tuwape sifa wanaostahili: wanawake hao, na Ruth Carter aliyewavisha. Mfalme mwenyewe katika hilo ni msindikizaji. Na msichana huyohuyo akitoka hapo akaniambia kwamba begi analolitaka Januari shule zikifunguliwa ni lile la Spider-Man linaloning'inia mtaa wa Congo, sitampeleka kwa mganga.

Wakibanwa hapo, wenye hoja hukimbilia mlango wa mwisho: basi tutengeneze shujaa wa kwetu. Mlango huu ndio unaonichekesha, maana wao ndio waliousimamia ukiwa umefungwa. Shujaa wa kwetu tunaye. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba kwenye Kufa na Kupona mwaka 1974, mpelelezi aliyevuka mipaka ya Afrika akipambana na makaburu na vibaraka wao, wakati vita vile vikiwa havijaisha. Ben Mtobwa alimleta Joram Kiango, mwenye sigara, dharau na bahati. Kabla ya wote, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa na kiko chake, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale. Vitabu hivi vilisomwa hadi majalada yakaanguka. Vilisomwa na makuli, na makarani, na wanafunzi chini ya dawati. Wasomi walikuwa wapi? Walikuwa wanaviita fasihi pendwa kwa mdomo uliopinda, wakivitazama kama maradhi ya vijana, maneno yaleyale wanayosema leo kuhusu Spider-Man. Leo ukitaka kuvipata inabidi uinamie vitabu vya mitumba vilivyotandazwa chini kule Posta na uombe Mungu kurasa za mwisho ziwepo.

Kama wanataka kunisikia nikipiga kelele kwa usajili wa kweli, wawasajili hao watatu kwenye filamu moja. Bwana Msa amekaa Zanzibar anafikiri, Willy Gamba amefika na ndege ya usiku, Joram Kiango ameshachelewa na ameshagombana na polisi. Vijana wa Aggrey watabishana nani zaidi hadi maduka yafungwe. Nami ninajua tayari nitakuwa upande wa nani: wa Joram, kwa sababu hana mwajiri.

Wakati tukisubiri hilo, usajili mwingine unakuja, na hoja ileile inafuliwa na kupigwa pasi. Disney ilimaliza kuinunua Fox Machi 2019, kwa hiyo X-Men wamerudi nyumbani, na kati yao yupo Storm, mwanamke anayeamuru mvua, upepo na radi. Kwenye vitabu vya katuni mama yake ni Mkenya, na mwaka 2006 walimwoza kwa T'Challa. Atakapotambulishwa upya, mtangazaji wa redio atatuambia kwamba safari hii ni damu yetu kabisa, na mhadhiri ataleta ramani. Mimi sina ugomvi na dada huyo. Aje. Lakini asije na ukoo, aje na kazi, na kazi ipo: kila masika Mto Msimbazi unafurika, Barabara ya Morogoro inafungwa pale bondeni, mabasi ya mwendokasi yanalala, na watu wanavuka na viatu mkononi. Aanze na Jangwani, halafu tutazungumza habari za makofi.